Kiswahili cha Kutukania

Jikoni kwa Praxeda kulikuwa na kanuni moja, na haikubandikwa ukutani: aliyemtukana mwenzake aliomba radhi mbele ya wote, kwa sauti, na mpaka aombe, chakula hakitoki. Hapakuwa na faini wala barua ya onyo. Mtu alisimama katikati ya jiko, akafuta mikono, akakiri kwamba ametukana na kwamba ni vibaya, akaomba radhi, kazi ikaendelea. Wapishi wengine walinung'unika kwamba hiyo ni sheria ya chekechea. Praxeda aliwajibu kwamba watoto wa chekechea hawakumbushwi kunawa mikono kila asubuhi, na wao anawakumbusha.

Alikuwa mpishi mkuu wa kampuni ya vyakula vya sherehe, yenye jiko lake Remera, mjini Kigali, nyuma ya baa za Gisimenti. Watu walimwita Mama Gaju, kwa jina la binti yake. Alikuwa na mabega mapana na macho yasiyocheka upesi, na aliweza kujua kwa harufu tu, akiwa amesimama mlangoni, kwamba pilau la nyuma limeanza kushika chini.

Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania. Baba yake alikuwa mkimbizi Mnyarwanda, mama yake mwenyeji wa Tabora. Kinyarwanda kilikuwa lugha ya baba, na ya wazee waliokuja jioni kukaa na baba na kutaja vilima walivyoviacha. Kiswahili kilikuwa cha mama. Kwa Kiswahili Praxeda alibembelezwa, kwa Kiswahili alichapwa, kwa Kiswahili alifundishwa kusema shikamoo hata kwa mtu aliyemchukia. Sala ya Baba Yetu aliijua kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote, na siku walipomzika mama yake, maneno yote yaliyosemwa juu ya kaburi lile yalikuwa ya Kiswahili.

Kwa hiyo alipohamia Kigali, akiwa tayari mtu mzima, kuna jambo lilimkasirisha, na miaka haikumzoesha. Aliwakuta watu wenye adabu kuliko wote aliowahi kuwaona, wanaozungumza na wakwe zao kwa maneno yaliyovishwa nguo juu ya nguo, wasiomtazama mkubwa usoni akiwa anasema. Watu hao hao, wakigeuka kumwita mpakia mizigo au kumfokea dereva, walitoa matusi ya Kiswahili ambayo Tabora yangemfanya mtu ahame mtaa. Na ukiwauliza, walishangaa kweli.

"Aa, Mama Gaju! Hiyo ni Kiswahili tu."

Ni Kiswahili tu! Tusi ambalo mtu asingethubutu kulitamka kwa Kinyarwanda hata akiwa amelewa, alilitema kwa Kiswahili akiwa hana hata hasira, kama anayetema ganda la karanga. Serikali ilikuwa imekipa Kiswahili cheo cha lugha rasmi, na midomo ya watu ikakifanya jalala. Waliamini kwamba tusi likitupwa kwa lugha ya jirani halifiki popote. Lakini lilifika. Lilimfikia Praxeda kila siku ya Mungu, sokoni, kituo cha mabasi, kazini, na kila mara lilimkuta akiwa binti wa mama yake.

Ndiyo maana aliiweka kanuni yake, na ndiyo maana hakuilegeza kwa mtu.

Wa mwisho kuionja alikuwa Dominic, Mkenya wa Nakuru, mchoma nyama hodari mwenye ulimi mrefu kuliko koleo lake. Siku moja Phiona, msichana wa kugawa chakula, alibeba sinia la mishikaki ambayo haijaiva. Dominic alimrukia kwa tusi refu. Phiona alicheka tu, maana alisoma Kinyarwanda na Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya. Praxeda alifunika sufuria.

"Mama Gaju, si ata hajaelewa," Dominic alisema.

"Mimi nimeelewa."

"Sasa niombe msamaha mtu hajui nimemkosea?"

"Ndiyo. Na umweleze ulichosema, ili ajue anachosamehe."

Dominic alisimama katikati ya jiko na shingo yake nene ikaingia mabegani. Alieleza. Phiona aliacha kucheka. Alikwenda nje, akarudi na macho mekundu, na tangu siku hiyo Dominic alipotaka kuulaani moto aliulaani kwa kunong'ona. Lakini aliiweka moyoni ile aibu, na Praxeda alijua kwamba ameiweka.

Mwenye kampuni aliitwa Conrad. Alikulia Kampala, na huko Kiswahili alikisikia kwa askari na kwa wezi, wala hakupata kukisikia kwingine. Kwa Kiingereza alikuwa mstaarabu, kwa Kinyarwanda mnyenyekevu, kwa Kiswahili mchafu. Praxeda alimsikia mara nyingi akiwachafua madereva kwa simu, ndani ya gari, kioo kikiwa wazi. Alijiambia kwamba gari si jiko. Alijua kwamba anajidanganya, na kujidanganya huko kulimkera, lakini Conrad hakuwa na desturi ya kuingia jikoni, na mtu hawezi kupigana vita vya jiji zima.

Isitoshe, alikuwa na kitu cha kupoteza. Conrad alikuwa anafungua mgahawa pale pale Gisimenti, barabarani, wenye jiko jipya na madirisha makubwa, na alimwahidi Praxeda kwamba atauendesha yeye. Si kupikia sherehe za watu na kurudi na masinia matupu. Jiko lenye mlango wake, wageni wanaorudi kesho kwa sababu ya mkono wake. Alikuwa amekitaka kitu hicho tangu alipokuwa anaosha vyombo kwa watu Mwanza. Tayari alikwisha kupanga orodha ya vyakula kichwani: ndizi za nyama, isombe, kile kisamvu cha Kinyarwanda, kisichotiwa siagi ya kopo, wali wa nazi siku ya Ijumaa.

"Jumamosi ikienda poa, Mama Gaju," Conrad alimwambia, "Jumatatu funguo ni yako. Hao watu ni wakubwa. Wakifurahi, Kigali yote itatujua."

Jumamosi ilikuwa sherehe ya gusaba, yaani posa, katika nyumba kubwa ya Nyarutarama, upande wa uwanja wa gofu. Mahema mawili meupe yalitazamana kwenye majani, familia ya bibi harusi huku, ya bwana harusi kule. Wasemaji wa familia walikuwa wameanza mchezo wao wa maneno. Yule anayeomba msichana hasemi ameomba msichana. Anauliza njia, anasifu ng'ombe, anakumbusha kwamba babu zao waliwahi kupeana maji. Anayemjibu anajifanya haelewi, anamkosoa kwa upole, anamtoza mtungi wa pombe kwa neno lililopinda. Wageni walicheka na kupiga makofi. Ni adabu iliyogeuzwa kuwa ngoma, na Praxeda, akiwa nyuma ya nyumba chini ya hema la kupikia, aliisikiliza kwa raha akikoroga mchuzi. Huku ndiko kusema, alifikiri. Hawa watu wanaweza. Wakitaka, wanaweza.

Mzee Zephaniah alikuwa akiosha vyombo. Alikuwa amebeba mizigo kituo cha mabasi cha Nyabugogo mpaka mgongo ukakataa, kisha Praxeda akampa kazi ya sufuria. Hakuwa mtu wa maneno. Alipenda kuimba nyimbo za kanisani bila kufungua mdomo.

Wakati msemaji wa bwana harusi amefika mahali penyewe, sauti imeshuka, watu wametulia, Zephaniah aliteleza kwenye sabuni. Alikuwa amebeba vifuniko vya sufuria mpaka kidevuni. Vyote vilianguka juu ya saruji, na kimoja kikaviringika hadi kwenye kona ya nyumba kikipiga kelele kama kengele ya shule.

Msemaji wa bibi harusi akasema kwa Kinyarwanda chake kitamu, "Mmesikia wenyewe. Hata vifuniko vya jikoni vimekataa ng'ombe zenu, ni wembamba." Mahema yote mawili yaliangua kicheko. Hapakuharibika kitu. Hata bwana harusi alicheka.

Conrad hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni ya hema katika suti ya kijivu, na katika kile kicheko alisikia jina lake likiharibika. Alizunguka nyumba kwa hatua za haraka, tabasamu likiwa bado usoni kwa ajili ya wageni, na alipopita kona tabasamu likakatika. Zephaniah alikuwa amepiga magoti akiokota vifuniko. Conrad aliinama mpaka karibu na sikio lake, akamtukana.

Tusi lenyewe haliandikiki. Lilianzia kwa mama wa yule mzee na kuishia pale mtu anapotokea duniani. Conrad alilisema kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie, tena polepole, neno kwa neno, kama mtu anayetafuna. Halafu alijinyoosha, akaweka tai sawa.

"Dakika tano, chakula," alisema, na akageuka kuondoka.

Phiona alisimama na sinia la sambusa. Alikuwa amekwisha kujifunza maneno yale. Dominic aliweka koleo chini. Hakumtazama Conrad hata kidogo, alimtazama Praxeda.

"Haya, Mama Gaju," alisema taratibu. "Na huyu?"

Praxeda angeweza kujifanya hakusikia. Jiko la gesi lilikuwa linavuma, nyama ilikuwa inatatarika, na yeye alikuwa na upawa mkononi. Aliuona mgahawa. Aliyaona yale madirisha makubwa. Aliona pia kwamba akinyamaza, ile kanuni yake haitakuwa kanuni tena. Itakuwa fimbo ya kuchapia wadogo, na Dominic atakuwa na haki ya kumcheka mpaka kufa. Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Hasira ya miaka, ya soko na kituo cha mabasi, na ya kile kioo cha gari kilichokuwa wazi naye akajifanya kiziwi.

Alichukua kifuniko, akafunika pilau.

"Chakula hakitoki."

Conrad alirudi hatua mbili. "Umesema?"

"Chakula hakitoki, bosi. Umemtukana Mzee Zephaniah. Muombe radhi, tupakue."

"Mama Gaju, acha michezo. Watu wazito wako pale."

"Nawasikia."

"Mimi? Mimi niombe huyu?" Alicheka, akatazama huku na huku kutafuta mwenzake wa kucheka. "Kwa sababu ya hiyo Kiswahili?"

"Dominic alitukana, akaomba. Hapa hapa, mbele ya hawa."

"Dominic ni mpishi."

"Basi mpishi amekuzidi adabu," Praxeda alisema.

Conrad, kwa kuwa hakuwa mjinga, alimgeukia mzee. Alizungumza kwa sauti ya upole kabisa. "Muzehe. Mimi nimekutukana?"

Zephaniah alikuwa bado amepiga magoti, vifuniko kifuani. Alitazama viatu vya Conrad.

"Hapana, patron."

"Umeona?"

"Hiyo iko Kiswahiri tu, Mama Gaju," mzee alisema. "Mimi siumie. Reka, achana nayo. Toa chakura."

Praxeda alihisi kama amepigwa kofi na mtu ambaye yeye alimnyooshea mkono kumwinua. Zephaniah alikuwa amekaa Nyabugogo nusu ya maisha yake. Alilielewa tusi lile kuliko wote waliokuwa pale. Alikuwa anasema uongo, na alikuwa anausema akiwa magotini.

"Kama wewe hukutukanwa," Praxeda alisema, "basi nimetukanwa mimi. Hiyo ni lugha ya mama yangu. Maneno uliyosema, bosi, ni ya lugha ile ile aliyoniombea nayo kwa Mungu. Kuna mama wa mtu hapa ametukanwa. Kama si wa Zephaniah, ni wangu. Omba radhi."

Kule mbele, vigelegele vililipuka. Msichana alikuwa ametolewa. Shangazi wa bibi harusi alichungulia kwenye kona, amevaa vazi la sherehe la umushanana, la rangi ya dhahabu, akauliza kwa Kinyarwanda kama chakula kiko tayari. Conrad aliinama. "Kinakuja, mubyeyi. Sasa hivi." Shangazi akaondoka. Conrad aliwatazama wagawaji waliopanga mstari na masinia matupu. Hakuna aliyesogea. Phiona alikuwa ameweka sambusa chini.

"Sorry," Conrad alisema. "Haya? Sorry. Pakua."

"Sikusikia tusi kwa Kiingereza."

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alimtazama Praxeda, na katika macho yale Praxeda aliuona mgahawa ukifungwa, taa moja baada ya nyingine. Hakushusha macho yake.

"Mzee Zephaniah," Conrad alisema. "Nimekutukana. Ni vibaya. Naomba radhi."

Mtu angetegemea kwamba jambo zuri litafuata. Halikufuata. Zephaniah aliinamisha kichwa zaidi, mabega yameinuka, kama mtu anayesubiri pigo la pili. Dominic, ambaye alikuwa amelitaka jambo hili lionekane, aligeukia moto wake. Conrad alipangusa mdomo kwa kitambaa, akaenda zake kwa wageni, na kabla hajapita kona tabasamu lilikuwa limerudi mahali pake.

"Pakueni," Praxeda alisema.

Chakula kilisifiwa. Shangazi mwenyewe alikuja jikoni kumshika Praxeda mikono yote miwili.

Jumatatu Conrad alimwita ofisini. Hakufoka. Alikuwa na adabu kuliko siku zote, akamvutia kiti, akamsemesha Kinyarwanda cha heshima kilichonyooka. Alisema mgahawa unahitaji mtu anayejua kuwakaribisha wageni, na kwa hiyo amempa Yvonne, msimamizi wa wagawaji. Alisema anajua Mama Gaju ataelewa. Praxeda alielewa. Conrad hakumfukuza, maana sherehe za mwezi huo zilikuwa zimekwisha kulipiwa, na wote wawili walijua ni mikono ya nani wale wateja walikuja kuishika.

"Na Zephaniah?" aliuliza, maana asubuhi hiyo sufuria zilikuwa chafu.

"Muzehe amechoka," Conrad alisema. "Tumemwacha apumzike."

Praxeda aliinuka bila kuaga. Tusi lolote lingekuwa jepesi kuliko adabu ile, na alishuka ngazi zote hadi chini kwa hasira.

Alimtafuta mzee siku nzima ya mapumziko yake, akamkuta Nyabugogo, nyuma ya maghala ya viazi, amejifunga gunia kiunoni. Alikuwa anabeba tena. Si magunia kamili. Nusu nusu, yale wanayopewa wazee kwa huruma. Praxeda alimwita kwa heshima, akamwambia amekuja kumsemea, atakwenda kwa Conrad, atakwenda hata kwa wakaguzi wa kazi.

Zephaniah aliweka mzigo chini. Praxeda hakuwahi kumwona amekasirika.

"Mimi nilikuomba? Usitaje jina yangu popote."

"Mzee, alikutukana. Mama yako—"

"Mama yangu iko kaburini. Matusi haimufikii. Wajukuu yangu iko nyumbani, inangoja kula." Alishika kiuno, akavuta pumzi. "Wewe ulinitetea mimi? Hapana. Mimi nilikuambia reka. Wewe ulitetea Kiswahiri yako."

"Na wewe ulisema uongo! Mbele ya vijana wa kazi, umepiga magoti, ukasema hukutukanwa!"

"Ndiyo. Nilisema uongo." Alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Uongo yangu ilikuwa na kazi. Ukweli yako iko na nini?"

Praxeda alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake maneno yaliyomjia yalikuwa yale yale ya kituo cha mabasi. Aliyasikia yakija. Aliyafungia meno. Mwenye ghala alitoka mlangoni akamfokea mzee kwa Kiswahili, kwa mama yake na kwa mahali alipotokea, kwamba abebe au aondoke. Zephaniah aliinama akaliinua gunia. Wala hakugeuza shingo.

Praxeda alirudi Remera kwa miguu. Hakwenda kwa Conrad wala kwa wakaguzi, maana mzee alimkataza kulitaja jina lake popote. Bado ni mpishi mkuu wa sherehe za watu. Dominic anaomba radhi siku hizi kabla hajaambiwa, na Conrad hakanyagi jikoni. Yvonne anaendesha mgahawa, na wali wa nazi haumo katika orodha yake.

Kanuni ilibaki. Kuishika kulimgharimu Praxeda jiko alilolitaka maisha yake yote. Kulimgharimu Zephaniah kazi aliyokuwa nayo, na Zephaniah hakuwa ameiweka kanuni hiyo, wala hakuwahi kuiomba.